Je, wajua nyimbo 3 za kwanza za Kind of Blue zilikuwa nje ya kii, yaani sauti zake zilisikika juu kuliko zilivyopigwa, kwa miaka 33?

Kind of Blue ya Miles Davis ilitoka Agosti 1959, na mpaka leo ndo albamu ya jazi ambayo hata mtu asiyesikiliza jazi unaweza kuikuta kwake, Marekani pekee imeshathibitishwa kufikisha kopi milioni 5. Sasa wale wote walionunua kabla ya 1992 walikuwa wanasikia upande wa kwanza ukiwa unakimbia kuliko ulivyopigwa, na wengi wao wala hawakujua.

Ilikuwaje? Walirekodia New York, mtaa wa 30, studio ya Columbia ambayo zamani ilikuwa kanisa, kwa siku mbili tu, 2 Machi na 22 Aprili. Ile siku ya Machi mashine kuu ya tepu ilikuwa inazunguka taratibu kidogo. Tepu ikipita taratibu, sekunde moja ya muziki inaingia kwenye kipande kifupi zaidi cha tepu, halafu ukija kuipiga kwenye mashine yenye spidi sahihi kile kipande kinapita chap, kwa hiyo muziki unaenda mbio na sauti zote zinapanda, hapa zilipanda karibu robo toni, yaani nusu ya hatua ya kutoka kibonye kimoja cha piano kwenda cha jirani. Zilizoathirika ni So What, Freddie Freeloader na Blue in Green, za Aprili ziko poa.

Mbona watu hawakushtuka? Kwa sababu vyombo vyote vilipanda pamoja. Sikio linapima noti kwa noti jirani yake, na humo ndani tarumbeta ya Miles, saksafoni za John Coltrane na Cannonball Adderley, piano ya Bill Evans na besi ya Paul Chambers zote zilikuwa zinapatana zenyewe kwa zenyewe.

Waliopata tabu ni wanaojifunza kwa kupiga pamoja na santuri. So What haibadilishi kodi (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) kila mara kama jazi nyingi ya wakati ule, inakaa kwenye skeli moja (mpangilio wa noti) inayoanzia D kwa baa 16 nzima, kila baa ni mapigo manne, inapanda nusu toni baa 8, inarudi D baa 8, basi. Yaani piano yako ya nyumbani inagombana na rekodi kwenye noti ileile muda wote huo, utadhani piano ndo mbovu! Miles aliutaka utulivu huo ili mpigaji atunge melodi badala ya kufukuzana na kodi, na kwenye kitabu cha maisha yake anasema kati ya vilivyomsukuma ni kundi la ngoma kutoka Guinea, alisikia kwao chombo cha kupiga kwa vidole gumba, jamii moja na ilimba ya Wagogo. Hiyo naona haisemwi vya kutosha.

Kilichookoa ni mashine ya pili ya akiba iliyokuwa inarekodi sambamba siku ileile, spidi yake ilikuwa sahihi. Mwaka 1992 wakarudi kwenye tepu hiyo na ndo matoleo mengi ya sasa yanatokea huko.

Mimi napenda toleo lililosahihishwa, besi ya Chambers pale mwanzo wa So What inakaa chini inapostahili na Miles hana haraka. Ukikuta santuri ya zamani sokoni na unataka kujua ni ipi, weka So What halafu bonyeza D kwenye kinanda kilichotyuniwa, ikigoma kupatana umepata ile inayokimbia.