Anayembeba mgonjwa naye apimwe

Mei 2015 nilikuwa Kagunga, kijiji cha wavuvi mkoani Kigoma, karibu kabisa na mpaka wa Burundi. Makumi ya maelfu ya watu waliokimbia machafuko nchini kwao walikuwa wamebanana kwenye kipande cha ufuko kati ya mlima na Ziwa Tanganyika. Gati hakuna. Kuondoka ilikuwa kwa boti ndogo hadi meli ya MV Liemba iliyotia nanga ndani ya ziwa, kisha saa kadhaa majini hadi Kigoma mjini, halafu basi hadi kambi ya Nyarugusu kule Kasulu. Ziwa walilofulia na kuogea ndilo walilokunywa. Kipindupindu kikaingia.

Asubuhi moja alikuja kijana amembeba mama yake mgongoni kwa kitenge. Mimi ni Muha, na Kiha na Kirundi ni lugha ndugu, kwa hiyo hatukuhitaji mkalimani. Nilifinya ngozi ya tumbo la yule mama; ikabaki na kikunjo, dalili ya kukaukiwa maji mwilini. Tukamtundikia dripu haraka. Nilipogeuka, kijana alikuwa ameketi chini, macho yameingia ndani, midomo imepasuka. Mkononi alishika chupa yenye maji nusu.

"Mbona hunywi?"

"Ni ya mama."

Alikuwa akiharisha tangu jana yake, akijificha. Aliogopa akijulikana atatolewa kwenye foleni ya meli, mama aondoke peke yake.

Tangu siku hiyo sijawahi kumpokea mgonjwa aliye safarini bila kumpima aliyemleta. Kipindupindu kikali kinaweza kumtoa mtu mzima lita moja ya maji kwa saa. Anayefua nguo za mgonjwa, anayemlisha kwa mkono, ndiye wa kwanza kuambukizwa, na ndiye anayejinyima. Akianguka yeye, mgonjwa hana tena miguu. Nasema hivi kwa uchungu, kwa sababu mara nyingi sisi wahudumu humwona yule anayelala tu.

Ukiwa njiani na mtu wako, gawa maji kuwa mafungu mawili tangu mwanzo, lako usiliguse kwa ajili ya mwingine. Pakiti moja ya ORS, unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, huingia kwenye lita moja ya maji safi. Usipokuwa nayo, weka kwenye lita hiyo moja vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, visiwe vya kurundika. Akitapika, subiri dakika kumi, uanze tena taratibu, kijiko kwa kijiko. Nawa mikono kwa sabuni kila unapomsafisha. Na dalili zikikuanza, sema mapema, uombe muandikishwe pamoja. Muhudumu akisita, msisitizie.

Kijana tulimlaza mkeka wa jirani na mama yake. Jioni mama aliweza kukaa, akachukua kikombe na kijiko, akaanza kumnywesha mwanawe. Siku walipoitwa kwenye boti walishuka ufukoni wanatembea, kila mmoja na chupa yake.