Kumsubiri mtoto mwenye Down kutoka ng'ambo: yasemwayo na yalivyo

"Dada, mmechagua mlemavu, nani atamgombania nanyi? Mtapewa kesho." Rafiki yangu, Mkenya anayeishi Marekani na mumewe, aliambiwa hivyo kanisani mwaka 2019 walipotangaza kwamba wanaasili mtoto mwenye sindromu ya Down, hali ya kuzaliwa nayo inayochelewesha ukuaji wa akili na mwili, kutoka China. Kesho hiyo hawakuiona.

"Mtoto mwenye ulemavu hutolewa haraka." Ni kweli nusu. Familia iliyo tayari kumpokea mtoto mwenye Down inaweza kuoneshwa jalada lake mapema kuliko ile inayotaka mtoto asiye na tatizo lolote. Ila asidhani mtu kwamba hawa ni watoto wa kubaki sokoni: Marekani kwenyewe kuna familia zilizojiandikisha zikimsubiri mtoto mwenye Down hasa. Sheria nayo haikimbii kwa ajili ya ulemavu. Nchi zilizo katika Mkataba wa Hague wa 1993, unaosimamia kuasili watoto kati ya nchi na nchi, hutakiwa kwanza kumtafutia mtoto nyumba nchini mwake. Marekani, ambako mkataba huo ulianza kutumika Aprili 2008, huikagua na kuiidhinisha familia kwanza, kisha familia huomba tena kwa ajili ya mtoto mmoja aliyetajwa. Vibali vina tarehe ya kuisha. Subira ikizidi, alama za vidole na ripoti ya afisa ustawi wa jamii hurudiwa, na ada hulipwa tena.

"Watapata kichanga." Wakati nchi yake inamtafutia nyumba ya ndani, mtoto anakua, na akija kupanda ndege huwa keshaanza kuota meno, pengine keshatembea. Wengi hudhani kinachopotea hapo ni raha ya kubeba kitoto. Mimi huwaza moyo wake. Karibu nusu ya watoto wenye Down huzaliwa na kasoro ya moyo. Mojawapo ni tundu la katikati linalounganisha pande zote za moyo, na hilo kwa kawaida hufanyiwa upasuaji ndani ya miezi sita ya kwanza. Likiachwa, damu husukumwa kwa nguvu mapafuni, mishipa ya humo ikakakamaa, na inafika siku daktari anakataa kupasua kwa kuwa hatari imezidi faida. Ndiyo maana jalada linapofika, wenye kujua hulipeleka kwa daktari bingwa wa moyo wa watoto kabla ya kutia saini. Mstari mmoja usemao "ana tundu dogo", ulioandikwa miaka miwili iliyopita, haumwambii mzazi kitu.

"Mkishapewa picha, mtoto ni wenu." Hili ndilo lililomvunja rafiki yangu. Mapema 2020 walikuwa wamekwisha oanishwa na mtoto, yaani kupangiwa yeye. Ikaja korona, China ikasimamisha safari za kuchukua watoto, nao wakakaa na picha ile ile ukutani mwaka baada ya mwaka. Tarehe 5 Septemba 2024 msemaji wa wizara ya mambo ya nje ya China akatangaza kwamba nchi hiyo haitoi tena watoto nje, isipokuwa kwa ndugu wa damu wa karibu na watoto wa kambo. Mamia ya familia za Marekani zilizokuwa zimeoanishwa ziliachwa hapo hapo.

China haikuwa ya kwanza. Urusi iliwafungia Wamarekani kuanzia 1 Januari 2013, kwa ugomvi wa kisiasa ambao watoto hawakuwa na sehemu ndani yake. Septemba mwaka huo huo Kongo, ile ya Kinshasa, iliacha kutoa vibali vya kutoka nchini, wakakwama hata watoto ambao mahakama zilikwisha wakabidhi kwa wazazi wapya. Wazazi kisheria, mtoto haruhusiwi kuvuka mpaka.

"Basi si waje Afrika Mashariki, watoto wapo." Hapa hakuna mlango ulio wazi hivyo. Kenya ilisimamisha kuasiliwa kwa watoto na wageni Novemba 2014. Tanzania, kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, humtaka mgeni awe ameishi nchini miaka mitatu mfululizo. Uganda, tangu marekebisho ya 2016, mwaka mmoja.

"Ni laana", "ni mama mzee", "hawaishi". La kwanza nalipita. Down husababishwa na kromosomu (nyuzi za urithi ndani ya seli) ya 21 kuwa tatu badala ya mbili, jambo lililogunduliwa Ufaransa na kuchapishwa 1959. Umri wa mama huongeza uwezekano, lakini wengi wa watoto hawa huzaliwa na mama walio chini ya miaka 35, kwa sababu hao ndio wazaao zaidi. Kuhusu kuishi: mwanzoni mwa miaka ya 1980 wastani Marekani ulikuwa kama miaka 25, leo ni karibu 60. Mtu wa miaka 45 anayeasili mtoto wa miaka mitatu ahesabu vizuri, kisha aandike ni nani atakayeshika usukani yeye akizeeka.

"Kusubiri ni kukaa." Rafiki yangu na mumewe walianza upya, safari hii Bulgaria, ambako wazazi husafiri mara mbili: kwanza kuonana na mtoto, baadaye kumchukua. Wamekwisha panga vipimo vya tezi ya thairoidi, ile ya shingoni, na vya masikio, maana matatizo ya hayo mawili ni ya kawaida kwa wenye Down. Na jioni wanajifunza ishara za mikono, kwani mtoto huyu huelewa mapema kuliko anavyotamka, na atafika akiwa amezoea Kibulgaria. Wameanza na "maji", "imetosha" na "zaidi", ile ya kugonganisha ncha za vidole vya mikono yote miwili. Mumewe bado huzichanganya.