Nani anamskani nani? Malipo ya QR nchini China yanavyofanya kazi

Kwenye kaunta ya duka Guangzhou au Yiwu, muuzaji atakuuliza swali moja: nikuskani, au unaniskani? Wageni wengi hudhani ni mamoja. Kumbe hiyo ni mifumo miwili tofauti, kila mmoja na hatari zake, vikomo vyake na namna yake ya kukwama.

Tuanze na wewe unayeskani. Ile karatasi yenye QR (mchoro wa miraba unaosomwa na kamera) iliyobandikwa kwenye meza ya muuza matunda, ya kijani kwa WeChat Pay na ya buluu kwa Alipay, programu mbili kuu za malipo ya simu China, ni anwani tu iliyochapishwa. Ya Alipay huanza na https://qr.alipay.com, na ya mtu binafsi kwenye WeChat huanza na wxp://. Kwa kawaida bei haimo ndani yake. Unaskani, jina la mpokeaji linatokea, unaandika kiasi, unaweka namba ya siri, basi. Aliyezoea Lipa Namba Tanzania au till ya M-Pesa Kenya hatapata shida hapa.

Udhaifu uko kwenye karatasi yenyewe. Mwizi akibandika stika yake juu ya ile ya mwenye duka, kila anayelipa anamtumia mwizi, na mteja hashtuki kwa sababu jina linalotokea kwenye simu mara nyingi halifanani na la kwenye kibao cha duka. Ndiyo maana tangu tarehe 1 Aprili 2018 benki kuu ya China iliwekea malipo ya QR zilizochapishwa kikomo cha yuan 500 kwa siku kwa mteja mmoja. Na ndiyo kazi ya ile spika ndogo unayoisikia kila kibanda ikitangaza kiasi kilichoingia. Spika imeunganishwa na akaunti ya mwenye duka, kwa hiyo stika ikibadilishwa, spika inanyamaza. Inamkamata pia mteja anayeonyesha picha ya kughushi ya malipo "yaliyokamilika". Kwa mwenye kibanda naiona kinga bora kuliko kikomo chochote.

Kuna pia stika moja inayopokea WeChat na Alipay kwa pamoja. Hiyo ni linki ya kawaida ya wavuti. Simu inapoifungua, seva inasoma jinsi programu ilivyojitambulisha: ikikuta neno MicroMessenger inajua ni WeChat, ikikuta AlipayClient inajua ni Alipay, kisha inakupeleka kwenye ukurasa unaofaa. Ukiskani kwa kamera ya simu moja kwa moja, utafika kwenye ukurasa usiokusaidia. Fungua kwanza programu ya malipo, kisha skani kutoka ndani yake.

Sasa upande wa pili, pale keshia anapokuskani wewe. Unafungua ukurasa wa kulipa na simu inaonyesha mistari (barcode) pamoja na QR. Kwenye WeChat zote mbili zimebeba namba moja ya tarakimu 18 inayoanza na 10 hadi 15, na hubadilika kila baada ya dakika moja hivi. Mashine ya duka inaisoma, inaituma pamoja na bei, na pesa inakatwa kwako. Kwa dakika hiyo namba ile ni sawa na hela mkononi, kwa sababu kiasi kidogo hukatwa bila kuulizwa namba ya siri. Matapeli hupiga simu wakijifanya huduma kwa wateja na kuomba uwasomee tarakimu zilizo juu ya mistari. Usimsomee mtu yeyote, na usitume picha ya ukurasa huo.

Kiasi kikiwa kikubwa, simu itakuomba namba ya siri, na hapo muamala unabaki hewani mpaka uiweke. Kosa linalotokea sana ni keshia kuona kimya, kudhani imegoma, na kuskani upya kwa oda mpya. Mteja anakatwa mara mbili. Utaratibu sahihi ni kuuliza hali ya oda ileile kwanza, kuifuta kama haijakamilika, ndipo uanze nyingine.

Tukija kwenye makato, QR ya mtu binafsi haina makato wakati wa kupokea. Kuhamishia pesa benki ndiko kunakatwa asilimia 0.1, ukishamaliza kiwango cha bure unachopewa mara moja tu maishani: yuan 1,000 kwa WeChat na 20,000 kwa Alipay. QR ya biashara hukatwa takribani asilimia 0.6 kwa kila mauzo. Kwa hiyo wauzaji wadogo hupenda ile ya binafsi, na hapo ndipo mfanyabiashara kutoka Kariakoo au Kamukunji anapokwama. Tangu Julai 2023 mgeni anaweza kuunganisha Visa au Mastercard ya kwao. Malipo hadi yuan 200 hayana makato, juu ya hapo ni asilimia 3. Mwaka 2024 vikomo vilipandishwa hadi dola 5,000 kwa muamala na 50,000 kwa mwaka. Lakini kadi hiyo imefunguliwa kwa manunuzi, si kwa kumtumia mtu pesa, hivyo QR ya binafsi inaweza kukataa hata kama una salio. Usibishane na muuzaji. Mwombe QR ya biashara, au akuskani wewe.

Jisajili kabla ya kusafiri, laini yako ikiwa bado inapokea ujumbe wa uthibitisho. Andika jina lilivyo kwenye pasipoti, iarifu benki yako kwamba kadi itatumika China, na ukifika jaribu kwanza kwa chupa ya maji, si kwa mzigo. Pesa taslimu bado ni halali na benki kuu imekataza maduka kuzikataa, ila beba noti za yuan 10 na 20, kwani chenji ni shida vibandani.