Mzio wa Chakula Shuleni: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Wako wanaodhani kwamba mtoto anayekataa kamba au karanga anadeka, na kwamba akizoeshwa kidogo kidogo shuleni atapona. Huo si uchaguzi wa chakula. Katika mzio, kinga ya mwili huishambulia protini ya chakula kana kwamba ni adui, na kipande kidogo cha kashata ya karanga chaweza kutosha kuleta balaa. Kupika nako hakuondoi hatari: protini inayodhuru katika kamba hustahimili moto, na mafuta yaliyokaangiwa kamba yaweza kuipeleka hadi kwenye viazi karai.

Dhana ninayoiogopa zaidi ni ile ya kungoja. Mtoto akianza kukohoa, sauti ikimkwama na midomo ikivimba, husemwa kwamba apewe kidonge cha setirizini, kisha atazamwe. Kidonge hicho hupunguza mwasho na vipele tu. Hakifungui njia ya hewa, wala hakipandishi shinikizo la damu lililoporomoka. Dawa ya kazi hiyo ni adrenalini, ambayo huchomwa kwenye msuli wa paja, upande wa nje, na hurudiwa baada ya dakika 5 hadi 15 ikiwa hali haijatulia. Kwa shule za kisiwa cha Pate, ambako safari ya kwenda hospitali kubwa ya Lamu mjini ni ya baharini na maji yana kujaa na kupwa, sindano haina budi kutangulia chombo.

Wengine husubiri vipele, ilhali si kila mtoto hutoka vipele. Huenda akatapika mfululizo na kulegea tu. Asitembezwe: alazwe, miguu iinuliwe, na akipumua kwa shida aketishwe.

Kwa hiyo shule iwe na maelekezo ya daktari yaliyoandikwa, yenye kipimo kulingana na uzito wa mtoto, na walimu kadhaa waliofunzwa kuchoma. Dawa isifungiwe kabatini kwa ufunguo anaotembea nao mwalimu mkuu; isiwekwe kwenye friji, wala chini ya mabati yanayochemka mchana, kwa kuwa huhifadhiwa chini ya nyuzi 25.

Hata akipata nafuu apelekwe hospitali, kwani mzio huweza kurudi saa chache baadaye bila yeye kula tena. Mwalimu aliyemchoma afuatane naye botini, akiwa na dozi ya pili mkononi na saa ya sindano ya kwanza imeandikwa.