Profesa Grothendieck na siasa zake: dhana potofu na ukweli

Dhana potofu inayoniuma kuliko zote ni ile inayosema mwanahisabati Alexander Grothendieck alirukwa na akili mwaka 1970, akaitupa hisabati. Dhana hii inamnyang'anya mtu sababu aliyoitoa kwa kinywa chake.

Alikuwa na miaka 42, ana Nishani ya Fields, tuzo ya juu kabisa ya hisabati, na ndiye aliyekuwa nguzo ya IHES, taasisi ya utafiti iliyoko Bures-sur-Yvette karibu na Paris. Akagundua kuwa sehemu ndogo ya fedha za taasisi inatoka wizara ya ulinzi ya Ufaransa. Akataka fedha hizo zikataliwe, hakupata alichotaka, akaondoka. Mwaka huohuo, pamoja na wanahisabati Claude Chevalley na Pierre Samuel, alikuwa mstari wa mbele katika kuanzisha Survivre, kundi lililopinga silaha za nyuklia na uharibifu wa mazingira.

Na hisabati? Kuanzia 1973 hadi alipostaafu 1988 alikuwa profesa Montpellier, mji uleule aliosomea shahada yake ya kwanza. Mwaka 1984 aliandika mpango wa utafiti ambao wanahisabati wanaufanyia kazi mpaka leo. Mtu aliyeitupa hisabati haandiki hivyo.

Wengine hudhani siasa zilimwingia ukubwani. Hapana, alizaliwa nazo. Baba yake, Sascha Schapiro, alikuwa mwanaanaki, yaani mpinga utawala wa aina yoyote, aliyefungwa na utawala wa mfalme wa Urusi. Aliuawa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, mwaka 1942. Kijana Grothendieck na mama yake, Hanka, walifungiwa kambi ya Rieucros, Ufaransa. Kutoka kambini alikuwa akitembea kilomita kadhaa kwenda shule mjini Mende, kwenye theluji na upepo, viatu vimelowa chapachapa. Hadi 1971 aliishi bila uraia wa nchi yoyote, kwa kuwa hakutaka kuitwa jeshini.

Hapa neno "libertari" huwachanganya wengi. Survivre ilizidi kuegemea siasa za kilibertari, na msomaji wa leo akisikia hivyo humfikiria Mmarekani anayetetea soko huria. Lakini neno hilo alilianzisha Mfaransa Joseph Déjacque mwaka 1857, naye alikuwa mwanaanaki aliyepinga mabwana wote, wenye mali wakiwemo. Grothendieck ni wa ukoo huo.

Dhana: aliikataa Nishani ya Fields.
Ukweli: alichokataa mwaka 1966 ni safari ya kwenda Moscow kuichukua, kwa kuupinga utawala wa Kisovieti. Nishani ilipokewa kwa niaba yake. Tuzo aliyoikataa kabisa ni ya Crafoord, 1988, akieleza kuwa mshahara wake wa uprofesa unamtosha na kuzidi.

Dhana: alikuwa mtu wa maneno tu.
Ukweli: Novemba 1967, wakati wa vita, alikwenda Hanoi, Vietnam Kaskazini, kufundisha. Mabomu ya Marekani yakawa yanaanguka, masomo yakahamishiwa mashambani, naye akaendelea kufundisha hukohuko.

Kuna pia kisa kwamba alipoombwa mfano wa namba tasa alitaja 57, ambayo si tasa, kwani ni 3 mara 19. Hata kama ni kweli, hakithibitishi udhaifu wowote: yeye alifikiri kwa miundo mipana, namba mojamoja hazikumshughulisha.

Na vitendo vyake havikuishia Hanoi: alipokuwa profesa Montpellier alimpa makazi mtawa wa Kibudha kutoka Japani ambaye kibali chake cha kuishi nchini kilikuwa kimekwisha. Akashtakiwa kwa sheria ya 1945 iliyofanya kosa kumsaidia mgeni wa namna hiyo, na mahakama ikamtia hatiani.