Ilani ya Ugaidi Si Ushahidi wa Mahakamani

Mei 14, 2014, Uingereza iliwaonya raia wake wasije Mombasa isipokuwa kwa shughuli ya lazima. Siku mbili zilizofuata mamia ya watalii walitolewa hotelini kabla ya muda wao, wakapelekwa uwanja wa ndege na kurudishwa kwao. Serikali ya Kenya ilikasirika, ikasema ilani za namna hiyo zinawapa nguvu magaidi. Tarehe 16 mabomu mawili yakalipuka soko la Gikomba, Nairobi, yakaua watu wasiopungua kumi.

Hapa Pwani ubishi ulianza siku hiyo hiyo. Huyu anasema, "Si mliambiwa mkakataa?" Yule anajibu, "Tuliambiwa Mombasa, limelipuka Nairobi. Hawa wanabahatisha tu." Naufahamu ubishi huo vizuri kwa sababu bado nausikia katika vikao vya elimu ya sheria tunavyofanya mitaani, na mara nyingi huzaa swali la pili, lililo zito kuliko lile la kuziamini ilani au kutoziamini: hao wanaoshukiwa wakikamatwa, wafanywe nini? Wengi huyajibu maswali haya mawili kama kwamba ni moja, na hapo ndipo watu wasio na hatia wanapoumia.

Ilani ya ugaidi ni makisio ya hatari. Anayeitoa amepata habari kwa wapelelezi, au kwa simu zilizonaswa, pengine kwa mtu mmoja tu aliyesikia jambo mpakani. Hawezi kusubiri mpaka awe na hakika, maana akisubiri sana hakika itamjia pamoja na mlipuko. Kwa hiyo ilani ina ruhusa ya kukosea. Haitaji chanzo chake, wala hakuna wa kumhoji shahidi wake. Mashtaka hayana ruhusa hiyo. Yanamtaja mtu kwa jina lake na la baba yake, na kila neno lililomo sharti lipimwe mbele ya hakimu, mwenye kushtakiwa akiwepo na akisikia. Habari ile ile inaweza kutosha kabisa kufunga lango la duka kubwa kwa siku mbili, na isitoshe hata kidogo kumfungia mtu mmoja.

Siwapuuzi wanaolalamikia ilani. Uingereza ililegeza ile ya Mombasa Juni 2015, baada ya zaidi ya mwaka mzima, na katika mwaka huo wapishi, watandika vitanda, manahodha wa mashua za kutembeza wageni na wachonga vinyago walikaa nyumbani. Mtu aliyepoteza kazi kwa sababu ya karatasi iliyoandikwa London ana haki ya kuuliza imeandikwa kwa msingi gani.

Lakini Garissa ilitufundisha jambo jingine. Machi 2015 Chuo Kikuu cha Nairobi kiliwatangazia wanafunzi wake wawe macho kwa sababu ya tishio la shambulio. Uingereza na Australia nazo zilitoa ilani kuhusu Kenya. Aprili 1, Rais Uhuru Kenyatta alizikosoa ilani hizo hadharani. Alfajiri ya Aprili 2 wenye bunduki waliingia Chuo Kikuu cha Garissa, na watu 148 waliuawa, wengi wao wanafunzi waliokuwa bado mabwenini. Tangu siku ile sina subira na tahadhari inayosema "muwe macho" kisha ikanyamaza. Ilani ya maana humwambia mwenye lango aongeze walinzi wangapi, humwambia mkuu wa polisi wa eneo aweke gari wapi, na humwambia mwananchi aepuke mahali gani mpaka lini. Isipofanya hivyo, mzigo wa serikali anatwishwa msichana wa miaka 19 aliyekwenda kusoma ualimu.

Yaliyofuata baada ya msiba ule yanaonyesha jinsi hofu inavyovuka mpaka na kuingia kwenye sheria. Siku chache baadaye Inspekta Jenerali wa Polisi alichapisha katika gazeti rasmi la serikali orodha ya zaidi ya majina 80, ya watu na mashirika, waliodaiwa kuhusiana na Al-Shabaab. Akaunti zao za benki zikafungwa. Katika orodha hiyo yalikuwemo mashirika mawili ya kutetea haki hapa Mombasa, MUHURI na Haki Africa. Yalikwenda Mahakama Kuu, na Novemba 2015 mahakama ikaamuru akaunti zao zifunguliwe kwa kuwa hapakuwa na ushahidi wa kuyahusisha na ugaidi. Miezi saba ilikuwa imepita. Mwaka mmoja kabla ya orodha hiyo, katika operesheni ya polisi iliyoitwa Usalama Watch, maelfu ya watu, hasa Wasomali, walikuwa wamekusanywa kutoka Eastleigh, Nairobi, na mitaa mingine, wengi wakapelekwa uwanja wa michezo wa Kasarani kuchunguzwa. Tuna methali ya samaki mmoja akioza, na jikoni ina kazi yake. Mahakamani haina nafasi: sheria ya jinai humshika kila mtu kwa kosa lake.

Sasa tuje kwa huyo aliyekamatwa.

Kifungu cha 49 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinasema aambiwe mara moja, kwa lugha anayoielewa, kwa nini amekamatwa. Ana haki ya kunyamaza, na ana haki ya kuwasiliana na wakili na watu wengine anaowahitaji wamsaidie. Lazima afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo, isizidi saa 24. Hapa watu huchanganyikiwa, kwa hiyo nitaeleza polepole. Saa 24 zikiishia nje ya saa za mahakama, au siku ambayo mahakama haikai, mwisho unasogea hadi mwisho wa siku ya mahakama inayofuata. Mtu aliyekamatwa Ijumaa saa kumi na mbili jioni, saa zake zinaisha Jumamosi, kwa hiyo polisi wana mpaka mwisho wa kikao cha Jumatatu ikiwa si sikukuu. Sasa mnajua kwa nini mawakili huomba jamaa zao wasikamatwe Alhamisi jioni wala Ijumaa.

Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2012 inawaruhusu polisi kutaka muda zaidi: hadi siku 30 kwanza, kisha wakirudi tena, jumla isizidi siku 90. Neno la kushika ni kwamba wanaomba. Ofisa hujaza hati ya kiapo, akaeleza sababu, na mshukiwa ana haki ya kuipinga. Nimesoma nyingi za hati hizo. Zinafanana kama pacha: simu zimepelekwa maabara, wenzake wanatafutwa, akiachiwa atatoroka. Pengine ni kweli yote. Kazi ya hakimu ni kuuliza simu hizo zilipelekwa siku gani na zitarudi lini, na kwa nini ziwe siku 30 badala ya kumi. Hakimu asipouliza, siku 30 zinageuka kifungo cha mtu ambaye hata hajashtakiwa.

Ukiri nao una masharti. Alichokiri mshukiwa kwa mpelelezi wa kesi yake mwenyewe, ndani ya chumba kilichofungwa, hakipokelewi. Sharti akiri mbele ya jaji au hakimu, au mbele ya ofisa mwenye cheo asiyeipeleleza kesi hiyo, akiwepo mtu wa tatu aliyechaguliwa na mshukiwa mwenyewe. Bunge liliwahi kujaribu kupunguza kinga za aina hii kwa sheria za usalama za Desemba 2014, zilizopitishwa kwa haraka baada ya mauaji ya Mandera. Februari 23, 2015 Mahakama Kuu ilivifuta vifungu vinane, kikiwemo kilichotaka mwendesha mashtaka aruhusiwe kumficha mshtakiwa baadhi ya ushahidi.

Wasomaji wa Tanzania watasema kwao mambo ni magumu zaidi, nao wana haki, kwa sababu huko kosa la ugaidi halina dhamana. Masheikh wa Uamsho, jumuiya ya Kiislamu ya Zanzibar, walikaa rumande zaidi ya miaka sita, na Juni 2021 mashtaka yakaondolewa bila hukumu yoyote. Hakuna mahakama iliyowahi kusema walikosa, na hakuna anayeweza kuwarudishia miaka hiyo.

Katika kila kikao husimama mtu, mara nyingi mwenye msiba wake, akauliza: gaidi hakumpa mwanangu haki yoyote, kwa nini nimpe yeye? Swali hilo silijibu kwa haraka, na sijibu kwa kumhubiria mzazi. Humweleza kesi ya Westgate, duka kubwa la Nairobi walipouawa watu 67 Septemba 2013. Walishtakiwa wanne. Mmoja aliachiliwa Januari 2019 kwa kukosekana ushahidi, mwingine akaachiliwa Oktoba 2020, siku ambayo wawili walipatikana na hatia. Siku ya kukamatwa, wote wanne waliitwa magaidi. Kilichowatenganisha ni ushahidi kupimwa hadharani, na bila hilo mzazi huyo angepewa watu wanne, wawili wao si wenye deni lake. Mwenye mkono katika damu ya mwanawe angekuwa bado mtaani, na faili limefungwa.

Kwa hiyo ndugu yako akichukuliwa, usianze kwa kubishana na polisi. Andika. Saa, siku, mahali, namba ya gari, sare au hawakuwa na sare, waliokuwepo. Nenda kituoni, uliza ameandikwa kwa namba gani kwenye OB, yaani kitabu cha matukio cha kituo. Ukiambiwa hayupo, nenda kituo cha pili, na uandike jina au namba ya ofisa aliyekuambia hayupo. Asipoonekana, wakili anaweza kwenda Mahakama Kuu kuomba amri ya kumleta mtu mbele ya jaji, na haki hiyo Katiba, katika Kifungu cha 25, inakataza isipunguzwe kwa sababu yoyote, hata ya ugaidi.

Mama mmoja alinijia na daftari la shule la mjukuu wake. Kwenye ukurasa wa hesabu, chini ya majawabu ya kuzidisha, alikuwa ameandika kwa penseli: "Jumanne, saa tisa na robo, gari jeupe, wanne, mmoja ana koti." Alinipa akisema, "Wakili, mimi sijui sheria, nimeandika tu nilichokiona." Mahakamani hati ya kiapo ilisema kijana amekamatwa Alhamisi. Wakili wake alisimama na lile daftari mkononi. Hakimu alivua miwani, akasoma mstari ule mara mbili, kisha akamgeukia ofisa na kumtaka aeleze Jumatano nzima kijana alikuwa wapi.