Mali iliyo ndani ya simu: waachie warithi njia ya kuifikia

Familia zinazofika ofisini kwetu kuulizia mirathi huja na cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo na, mara nyingi, hati ya kiwanja. Kiwanja hakitusumbui sana, kwa sababu jirani anajua mpaka ulipo na mjumbe anajua nani alijenga. Kinachotusumbua siku hizi ni simu ya marehemu. Imezimwa, iko kabatini, na hakuna anayejua mna nini ndani yake: akiba ya M-Pesa, vipande vya mfuko wa uwekezaji wa pamoja wa UTT, hisa zilizonunuliwa kupitia Hisa Kiganjani, ile programu ya simu ya soko la hisa, pesa za kikoba, ukurasa wa Instagram uliokuwa ukiuza vitenge, picha za watoto tangu wazaliwe. Yote hayo yana thamani na warithi wana haki nayo, lakini hayana jirani wa kuyatolea ushahidi. Mwenyewe asipoyaandika, hupotea kimyakimya.

Wengi wakisikia hivi hukimbilia kumwambia mke, mume au mtoto mkubwa namba ya siri, basi. Nawasihi msiishie hapo. Namba ya siri inatoa pesa, haitoi haki. Mtu akifariki, alichoacha kinakuwa mirathi, na mwenye mamlaka ya kukikusanya ni msimamizi aliyeteuliwa na mahakama. Kijana anayetoa pesa kwenye simu ya baba yake kabla hata ya maziko, ingawa nia yake ni sanda na chakula cha wafiwa, kesho ataulizwa na ndugu zake, na hatakuwa na cha kuonyesha zaidi ya ujumbe wa muamala. Watoto wa tumbo moja wamefikishana mahakamani kwa kiasi kisichofikia bei ya mbuzi. Tena Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila idhini, kwa hiyo hata nia njema inaweza kumweka mtu pabaya.

Ninachoomba kila mtu mzima aandike ni orodha, na aitenge na siri zake. Orodha inasema nini kipo, kiko wapi, na ni nani wa kuulizwa. Nenosiri na namba za siri zikae kwenye bahasha nyingine iliyofungwa kwa gundi na kutiwa saini juu ya mdomo wake, kwa mtu unayemwamini au kwenye kasha la chuma nyumbani. Katika wosia usiandike nenosiri hata moja. Wosia ukifika mahakamani unasomwa na kubaki kwenye jalada. Tosheka na kuandika humo kwamba orodha ipo, anayeitunza ni nani, na unataka nani asimamie akaunti zako.

Mtu mmoja akiifanya vizuri, ukurasa wake husomeka hivi: “Barua pepe: ile yenye jina langu na la babu, imeungwa na laini yangu ya zamani, sio ya kazini. Hisa: akaunti ya CDS (ile inayohifadhi hisa zangu), namba iko kwenye faili la kijani, dalali anapatikana Samora. Kikoba cha akina mama wa kanisani: nina hisa zangu, mwenyekiti anajua. Mama Neema ananidai, si mimi ninayemdai. Duka la mtandaoni: mzigo unatoka Kariakoo, daftari la wadaiwa liko kwa shangazi.” Hakuna siri hata moja hapo, lakini msimamizi ameshajua milango yote ya kubisha hodi. Na angalieni ule mstari wa deni. Kwa Muislamu deni hulipwa kabla ya kugawa mirathi, na mahakama nayo humtaka msimamizi alipe madeni kwanza. Mikopo ya kwenye simu ni madeni pia, nayo iandikwe.

Sasa nije kwenye laini, kwa sababu hapa ndipo familia nyingi huumia bila kujua. Barua pepe, programu ya benki, WhatsApp, hata akaunti ya hisa, vyote vikitaka kuhakikisha kuwa ni wewe hutuma tarakimu kwenye laini yako. Laini ikifa, milango hiyo inafungwa kwa pamoja. Na tangu laini zisajiliwe kwa alama za vidole, kurudisha laini iliyopotea kunahitaji kidole cha mwenyewe. Kwa hiyo msiba ukitokea, msiitoe laini kwenye simu, msimpe kijana wa mtaani “aifungue”, na msibahatishe namba ya siri. Namba ya siri ya laini ikikosewa mara tatu inadai PUK, yaani namba ya kuifungulia laini, na PUK ikikosewa mara kumi laini imekufa kabisa. Isipotumika kwa muda mrefu, kampuni huifunga na namba hupewa mtu mwingine, ambaye ataanza kupokea ujumbe uliokusudiwa kwa marehemu. Simu ikabidhiwe kwa mtu mmoja mbele ya kikao, iandikwe kwenye muhtasari, iwekewe chaji na salio kidogo, mpaka msimamizi apate hati yake na kwenda nayo kwenye duka la kampuni ya simu pamoja na cheti cha kifo. Najua jinsi simu inavyogombewa kwenye msiba. Mjane anarudi kutoka makaburini anakuta shemeji ameshaichukua. Kuiandika kwenye muhtasari siku hiyo hiyo kunamlinda.

Jambo jingine la siku zile za mwanzo: rambirambi zisitumwe kwenye namba ya marehemu. Watu hufanya hivyo kwa mazoea, kwa kuwa ndiyo namba waliyonayo. Pesa zikiingia humo zinageuka sehemu ya mirathi inayosubiri mahakama, na kama alikuwa na deni la Songesha, ule mkopo wa M-Pesa, au mkopo wa aina hiyo, mfumo unazikata papo hapo. Familia itangaze namba moja ya aliye hai.

Walio katika hatari kubwa zaidi ni mawakala wa pesa za simu na waweka hazina wa vikundi. Wakala akifariki, floti, yaani mtaji ulio kwenye laini ya biashara, inaweza kuwa ya kwake, ya mkopo, au ya bosi aliyemwajiri. Bila maandishi, warithi watadai yote na mwenye mtaji atabaki kulalamika. Mweka hazina anayetunza akiba za wanakikundi thelathini kwenye laini yake mwenyewe anawaachia wote mgogoro. Mahakama itaona pesa kwenye jina la marehemu, na wanakikundi watalazimika kuthibitisha kila shilingi. Kikundi kiwe na akaunti ya benki yenye watia saini zaidi ya mmoja, au kitumie huduma ya vikundi kama M-Koba, ambapo pesa haitoki bila wanachama wengine kuidhinisha. Kama bado mnatumia simu ya mtu mmoja, basi daftari la michango lisainiwe kila mkutano na nakala ikae kwa mwenyekiti. Hili halisubiri uzee. Naliomba lifanyike kwenye mkutano wenu ujao.

Kwa picha na barua, kampuni zenyewe zimeweka njia halali, na ni bure. Google inakuruhusu kuchagua akaunti ikikaa kimya kwa miezi 3, 6, 12 au 18, watu uliowataja, hadi 10, wapate taarifa na kupakua ulichoruhusu. Ifanye mapema, kwani akaunti binafsi ya Google isiyoguswa kwa miaka 2 inaweza kufutwa, pamoja na picha na nakala za WhatsApp zilizohifadhiwa humo. Wenye iPhone wanaweza kumteua mrithi wa akaunti. Atapewa ufunguo maalumu, uchapishwe na kuwekwa kwenye bahasha, na ataombwa pia cheti cha kifo. Facebook inakubali umtaje mtu wa kusimamia ukurasa wako wa kumbukumbu. Huyo anaweza kubadilisha picha na kuweka tangazo, lakini hasomi ujumbe wako wa faragha, jambo ambalo binafsi naliona sawa.

Sarafu za kidijitali kama Bitcoin zinafuata kanuni nyingine. Ukiwa unazitunza mwenyewe, ufunguo wake ni maneno 12 au 24, na yakipotea hakuna kampuni, benki wala hakimu anayeweza kuyarudisha. Hapo tu ndipo siri yenyewe ndiyo mali. Iandike kwenye karatasi, usiipige picha, na msimamizi ajue bahasha iko wapi.

Wosia unaweza kuhifadhiwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, au kwa wakili au benki, na ukabaki hivyo kwa miaka mingi. Orodha haiwezi kukaa muda huo bila kuguswa, kwa sababu watu hubadilisha laini, hufunga akaunti, huhamia benki nyingine. Iweke nyumbani, andika tarehe chini ya ukurasa, na kila ukibadilisha namba ya simu ipitie mstari kwa mstari kabla laini ya zamani haijazimwa.